Ugali wa Mjomba, Lori la Mjomba

Mwanangu Evodia,

Nimekaa mezani kukuandikia wakati umekwenda kwa fundi kufuata sketi zako za kazi, maana ukiwapo humu ndani huniachi nimalize sentensi. Kesho alfajiri unapanda gari la Matai, na kutoka Matai utaunganisha hadi Kasesya, mpakani, kwenye kituo chako cha kwanza cha kazi. Nimejiwekea ahadi kwamba kabla hujafunga begi la mwisho niwe nimekujibu swali uliloniuliza jana tulipokuwa tunachambua maharage. Nilikuambia, "Tutaongea," kisha nikajifanya nimeona jiwe kwenye ungo.

Nikutoe wasiwasi mapema: hapa hutakuta maelekezo ya sweta, ya maji ya kuchemsha, wala ya kutotembea na simu mkononi. Hayo nimeyasema tangu ulipoanza shule, nawe umeyapuuza tangu siku hiyo hiyo, na kwa namna fulani umekua salama. Nakuandikia jambo moja tu, lile uliloniuliza.

Uliniuliza, "Mama, nitakula ugali wa mjomba usiku, halafu asubuhi nimzuilie lori lake?"

Uliuliza huku unacheka, lakini mkono wako ulikuwa umesimama. Nilielewa kwamba hilo ndilo linalokunyima raha, nami nilikuwa nalo kifuani kabla yako. Kaka yangu Ladislaus ana malori mawili yanayovusha mchele na maharage. Wewe umepangwa kuwa msaidizi wa mkaguzi wa mazao katika mpaka ule ule anakovushia. Chumba utakacholala ni chake, sufuria utakayopikia ni ya mke wake. Wiki iliyopita alinipigia simu kwa furaha ya kweli, akasema, "Sasa na sisi tuna mtu mpakani." Nilicheka naye. Baada ya kukata simu kicheko kiliniisha, kwa sababu sentensi hiyo naifahamu. Iliwahi kusemwa juu yangu, na nusura inipotezee kazi.

Unaikumbuka siku ya mahafali yangu kwa sababu ya lile joho, ulilolivaa wewe kutwa nzima kuliko mimi. Mimi naikumbuka kwa majivuno niliyorudi nayo mtaani kwetu Kizwite. Nilikuwa msichana aliyetoka shule akiwa na mimba yako, akarudi darasani wewe ukiwa umeshajua kuandika jina lako, akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka shahada. Nilipoajiriwa katika kituo cha kununulia mahindi, kazi yangu ikiwa kukagua ubora wa nafaka, nilitaka kila aliyepita getini ajue kwamba huyu ni mhitimu. Nilivaa viatu vya mahafali kwenye vumbi la kituo. Kile kitabu cha kanuni za maadili ya kazi tulichogawiwa siku ya kwanza, wenzangu walikitia kwenye droo, mimi nilikikariri. Nilikuwa nawasomea vifungu hata makuli waliokuwa wamebeba magunia kichwani. Mmoja wao aliniuliza siku moja, akiwa ameinama chini ya mzigo, "Dada, hicho kifungu kinashika upande wa pili wa gunia, au kinasoma tu?"

Nilikasirika. Leo naona lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa msimu ule.

Nilikuwa bado katika muda wa majaribio. Maana yake unaijua, kwa kuwa tuliishi nayo pamoja: mwisho wa msimu ningethibitishwa kazini au ningeambiwa asante. Nikithibitishwa, wewe unabaki shuleni kwako na sisi tunabaki kwenye vyumba vyetu viwili. Nisipothibitishwa, tunarudi kijijini kwa bibi yako, mimi na shahada yangu na wewe na daftari zako. Sikuwahi kukueleza hivyo waziwazi, lakini ulikuwa unahesabu pamoja nami, nilikuona.

Katikati ya msimu, foleni ya wakulima ikiwa imefika barabarani, mkuu wa kituo aliniita ofisini. Hakunialika kukaa. Alisema, "Nimeletewa maneno kwamba mahindi ya kwenu hayachomwi bambo. Sijayaamini, wala sijayakataa. Alhamisi watakuja watu wa ofisi ya kanda. Hawatauliza kitu. Watasimama watazame unavyofanya kazi."

Bambo lenyewe umelishika mwenyewe: kile chuma chenye ncha na mfereji, tunachokichoma kwenye gunia ili kitoe punje za ndani. Bila bambo, mkaguzi anakagua gunia na si mahindi. Kwa hiyo nilikuwa nimetuhumiwa kwamba nawapitishia ndugu zangu magunia bila kuyachoma. Haikuwa kweli hata kidogo. Lakini nilikuwa mtoto wa Ufipa ninayefanya kazi Ufipa. Katika foleni yoyote ya watu ishirini, mmoja ni shangazi.

Alhamisi ilifika na upepo wake, ule wa Agosti unaopasua midomo. Watu wa kanda walisimama kando ya mzani, wawili, wamekunja mikono ndani ya makoti. Nilichoma magunia ya watu nisiowajua kwa ustadi ambao hata mimi ulinishangaza. Nilikuwa nimeanza kupumua. Ndipo likaingia getini trekta la kukodi, tela limejaa, na juu ya magunia amekaa babu Kalisto, mdogo wake babu yangu mzaa baba, amevaa koti la sherehe.

Wewe hukumjua sana babu Kalisto enzi za nguvu zake. Kama babu wote wa kwetu, tangu nizaliwe aliniita mke wake, na mimi nikamwita mume wangu, na utani huo aliuchukulia kwa uzito kuliko wengine wanavyochukulia ndoa. Aliniona kutoka getini.

"Mke wangu!" alipaza sauti. "Mke wangu yule pale! Jamani nipisheni, foleni ya nini wakati mwenye kituo ni mke wangu?"

Foleni nzima iligeuka. Mama mmoja aliyekuwa amekalia gunia lake tangu juzi alisema, si kwa kunong'ona, "Si tulisema?"

Mwanangu, nilifanya nilichokuwa nimekariri. Nilinyoosha mgongo, nikasema kwa sauti ya ukumbini, "Mzee, kwa mujibu wa kanuni za maadili ya utumishi, mtumishi haruhusiwi kumhudumia jamaa yake wa karibu."

Babu aliangalia kushoto, akaangalia kulia. "Mzee? Mzee yupi? Mume wako amekuwa mzee tangu lini?"

Watu walicheka mpaka dereva wa trekta akazima injini ili asikie vizuri. Nilimpa bambo mwenzangu Fadhili, kijana wa Kirando, mtu wa ziwani, mpole, ambaye hakuwa na jamaa hata mmoja huku juu kwetu. Fadhili alisogea kwenye tela.

"Shikamoo, babu. Naomba ushuke nichome."

"Marahaba. Sishuki."

"Babu, dakika moja tu."

"Nani anachoma gunia la mume wa mtu? Kwenu Kirando mnafanya hivyo?"

"Mpitisheni, mkwe wa serikali huyo!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, na kicheko kilichofuata hakikuwa kizuri. Nilimwona mmoja wa wale wageni wa kanda akimgeukia mwenzake. Fadhili alinitazama. Asingeweza kumvuta mguu babu wa mtu, na asingeweza kuchoma gunia lililokaliwa. Kila sekunde aliyokaa babu juu ya tela ilikuwa inathibitisha yale maneno yaliyoletwa ofisini.

Pale ndipo nilipoona kosa langu lilipoanzia. Nilikuwa nimemwita mzee, kana kwamba nimekutana naye getini asubuhi hiyo. Nilidhani mtumishi safi ni yule anayejifanya hana kwao. Watu wote waliokuwa pale walijua kwamba mtu huyu amenibeba mgongoni, na mimi nilikuwa najaribu kuwaonyesha kwamba simjui. Ndiyo maana walicheka vile: walikuwa wanatazama mtu anayeficha kitu kilicho wazi.

Nilivua kizibao changu cha kazi, nikakiweka juu ya mzani. Nikaenda mbele ya tela, nikapiga magoti vumbini kwa viatu vyangu vya mahafali, nikampigia makofi ya polepole kama tunavyowasalimu wakubwa kwetu. "Shikamoo, babu." Foleni ilinyamaza. Hata babu alinyamaza, kwa sababu salamu ile haijibiwi kwa utani.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikasimama, nikawageukia watu, nikasema kwa sauti ambayo si ya ukumbini tena: "Ndugu zangu mlio kwenye foleni, na wageni wetu. Huyu ni babu yangu, wa damu. Ananiita mke wake na mimi namwita mume wangu. Kwa hiyo leo sishiki bambo, sisomi kipima unyevu, siandiki chochote cha kwake. Atakayepima ni Fadhili, ambaye hapa hana babu."

"Na bibi je?" akauliza mtu.

"Bibi pia hana!" Fadhili alijibu mwenyewe, na safari hii kicheko kilikuwa cha watu waliokaa pamoja.

Nikamgeukia babu. "Na wewe mume wangu, shuka. Ukiendelea kukaa hapo juu watasema mkeo anakuficha. Mimi mume wa kufichwa simtaki. Nakuacha leo hii, mashahidi ni hawa."

"Unaniacha kwa ajili ya mahindi?"

"Kwa ajili ya hayo magunia ya katikati uliyoyakalia."

Alijaribu kukunja uso, akashindwa. Alianza kushuka taratibu, mkono mmoja begani kwa Fadhili, akiwaambia watu njiani, "Nilidhani nimeoa mwanamke, kumbe nimeoa askari."

Fadhili alichoma. Ya pembeni yalikuwa makavu, yanagongana kama kokoto. Ya katikati, yale ya shamba la bondeni aliyoyavuna mwisho, kipimo kilipanda na hakikushuka. Fadhili alirudia mara ya pili, akachukua gunia lingine, akarudia tena. Kisha akasema kwa adabu, "Haya ya katikati yana unyevu, babu. Itabidi yaanikwe."

Babu hakumtazama Fadhili. Alinitazama mimi, na utani wote ulikuwa umeondoka usoni pake. Alikuwa mtu mzima aliyechoka, mwenye trekta la kukodi linalomsubiri. Neno moja kutoka kwangu lingetosha. Si lazima liwe neno baya. Ningeweza kusema, "Fadhili, hebu pima tena," na Fadhili, kwa wema wake, angeelewa. Nilifunga mdomo. Ndani ya kimya kile hapakuwa na kifungu nilichokikariri wala mtu wa kunipigia makofi. Nimefanya mitihani mingi tangu hapo, lakini hakuna uliokuwa mgumu kama kumtazama babu yangu machoni na kutosema kitu.

Babu akaligeukia tela. "Haya," akasema. "Turubai liko wapi?"

Alianika kando ya uzio wa kituo, akalala hapo hapo pamoja na mahindi yake, akiyageuza kwa mguu kila jua lilipohama. Kila mchana, saa ya chakula, nilivua kizibao nikampelekea ugali wa ulezi na samaki aina ya mgebuka, nikapiga magoti, nikakaa naye tukala mbele ya kila mtu. Yule kuli wa kifungu akapita akasema, "Dada, sasa mbona mkaguzi ndiye anayemhonga mkulima?"

"Huu ni ugali wa mjukuu," nikamjibu. "Mahindi yapo kwa Fadhili."

Babu akamega tonge. "Ugali mzuri," akasema. "Kipimo kibaya."

Bibi yako alipopata habari alikuja mjini kwa hasira. "Umemwanika babu yako pamoja na mahindi yake?" aliniuliza kabla hata ya kuweka kikapu chini. Nilimwambia twende akamwone. Alimkuta babu amekaa kwenye kivuli cha uzio, amezungukwa na wakulima, anawasimulia kwa mara ya ngapi sijui namna mke wake alivyompa talaka mbele ya watu wa kanda. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema kwamba basi angalau ningemletea na chai.

Mahindi yalikauka, Fadhili akapima, yakapita. Na hapo ndipo kilipotokea kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha maadili nilichowahi kufungua. Babu alirudi kwao akaanza kulalamika. Alilalamika baada ya misa, alilalamika kwenye kilabu cha pombe, alishuka mpaka gulio la Muze akalalamika huko. "Mke wangu amenirudishia magunia! Mimi, mumewe! Tena amenipigia magoti kwanza!" Alilalamika kwa kifua mbele, kama mtu anayetangaza posa. Mpaka msimu unakwisha hapakuwa na ndugu yangu aliyenitafuta nimpitishe, kwa kuwa kila mmoja alijiuliza: kama babu Kalisto ameanikwa, mimi ni nani?

Yule mama aliyesema "Si tulisema?" zamu yake ilipofika alinijia akiwa amejifunga kitenge kwa nguvu. "Dada, mimi na wewe tuna undugu wowote?"

"Hapana, mama."

"Umefikiri vizuri?"

"Nimefikiri, mama. Hatuna."

"Basi nipimie wewe. Yule wa Kirando aendelee na wengine."

Nilithibitishwa kazini. Siku nilipokuambia ulivaa joho ukacheza kwenye korido mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza kuna nini, nawe ukamwambia, "Mama amethibitishwa!" kana kwamba ni kipaimara.

Nisikudanganye kwamba daima watu hucheka. Nina rafiki niliyesoma naye, ambaye mwaka uliofuata alileta mahindi, nikatamka mbele ya watu kwamba ni rafiki yangu na nikamkabidhi kwa mwenzangu. Mahindi yake yalikuwa safi, yalipita bila tatizo. Hata hivyo alisema nimemfanya aonekane mwizi. Tukikutana sokoni mpaka leo ananunua kitu asichokihitaji ili asinisalimie. Nilimfuata mara mbili nyumbani kwake. Sitamfuata mara ya tatu, lakini salamu yake naiacha wazi. Huyo naye yumo katika mshahara wangu, na ni haki ujue kabla hujasaini wa kwako.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba ugali wa mjomba ule, na ushibe. Kinachoharibu kazi ni pale ugali unapoliwa gizani na lori linapopita mchana kana kwamba vitu hivyo viwili havijuani. Mtaje mjomba kabla hajatajwa na wengine. Na usimtaje kwa sauti ya ukumbini kama nilivyofanya mimi. Nilikuwa nataka kukuambia namna ya kumwanza, kwa sababu najua si rahisi kumwambia maneno haya mtu aliyekupa chumba, na nilikuwa nafikiria nimpigie mimi kwanza, nimlainishe, ili wewe

*

Nimeiacha hapo kwa sababu umerudi na sketi zako, na tukaingia jikoni, na baada ya hapo barua hii haikuwa tena na kazi niliyoianzia. Sasa ni jioni. Umekwenda kuwaaga wenzako, nami nimerudi mezani. Nataka yaliyotokea jikoni yawe yameandikwa na mtu aliyeyaona.

Mikono yangu ilikuwa kwenye sufuria simu ilipolia. Ulitazama jina, ukapokea, ukaweka spika.

"Haya mama, begi limefungwa?" Sauti ya kaka yangu ilijaa jikoni kote.

"Limefungwa, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Chumba cha mbele nimekipaka rangi ya bluu. Na vijana wangu nimewaambia, lori likifika wasikurupuke, waulize kwanza zamu ya Evodia ni lini."

Niliushika mwiko nisiugonge. Nilikuwa nimefungua mdomo nikuombe hiyo simu. Wewe ulikuwa umeshaitoa kwenye spika, ukakumbuka kwamba nipo, ukairudisha.

"Mjomba, asante kwa chumba. Nitakaa kwako, nitapika, na wadogo zangu nitawafundisha hesabu. Lakini Jumatatu, kabla sijapewa meza, nitamwambia mkuu wangu kwamba yale malori ni ya mjomba wangu na kwamba nalala kwako. Nitaomba yakaguliwe na mtu mwingine. Zamu yoyote."

Tukasikia honi ya lori upande wake, na mtu akimwita dereva. Kisha, "Nani amekufundisha kusema hivyo? Mama yako?"

"Mama alisema tutaongea. Bado hatujaongea."

Nilicheka ndani ya mvuke wa sufuria mpaka machozi yakanitoka. Mjomba hakucheka.

"Kwa hiyo nimepaka rangi chumba cha mtu atakayenikana?"

"Sikukani, mjomba. Ningetaka kukukana ningenyamaza. Nitakutaja jina lako lote, siku ya kwanza, mbele ya bosi."

"Basi habari ya chumba tutaona huko," akasema, na simu ikakatika.

Nilikutazama nikitegemea utetemeke. Uliweka simu juu ya kabati, ukaniuliza, "Mama, lile godoro la stoo lina panya?" Nikakuambia halina. Ukasema, "Basi nalichukua. Kasesya hakukosi chumba cha kupanga." Kisha ukaendelea kukanda unga wa chapati za njiani.

Wakati ule mimi nilikuwa nakumbuka kwamba nilihitaji foleni nzima, watu wa kanda na aibu ya hadharani ndipo nikapata maneno. Wewe umeyapata jikoni, peke yako, kwa mtu unayempenda, ukijua kwamba unaweza kukosa pa kulala.

Sasa habari ambayo huna. Ulipotoka tu, amepiga tena, na safari hii hakukutaka wewe.

"Mama Evodia, huyu mtoto umemlea mwenyewe au umemwazima?"

"Nimemlea mwenyewe, kaka."

"Hm. Nimewaambia vijana, lori likifika huyo mtoto asisogezwe hata karibu nalo. Mmoja akaniuliza, sasa bosi, faida ya kuwa naye mpakani ni nini?"

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia anyamaze, akafunge turubai vizuri." Nikamsikia anakohoa, kile kikohozi chetu cha ukoo, tunachokohoa tunapokubali jambo bila kutaka kuonekana tumekubali. "Mwambie rangi haijakauka. Siku za mwanzo alale na wasichana wangu. Na asipike wali, wakishauonja hawatamwacha atoke jikoni."

Nitakueleza haya ukirudi, na najua utaruka. Hata hivyo godoro lipakie. Mwanamke mwenye kazi yake awe na godoro lake.

Nimeisoma barua hii tangu mwanzo na naona niliianza kama onyo. Ningeweza kuichana niandike nyingine nzuri zaidi, yenye mpangilio, ya kukuonyesha kwamba mama yako amesoma. Naiacha ilivyo. Watu wa Kasesya watakuona kazini Jumatatu. Mimi nimekwisha kukuona leo, umesimama jikoni kwangu, unga mpaka kwenye viwiko, unaifanya kazi yako kabla hujapewa meza.

Nenda, mwanangu.

Mama yako